Taifa Lililoacha Tumbaku ili Lilipe Deni

Wahenga walisema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Nawe, msomaji, huenda umekwisha kuyaona maneno hayo yakitimia karibu nawe, kwa jirani aliyechukua sukari, unga na mafuta ya taa dukani, kila siku akiandikiwa kitabuni, hata siku ya hesabu ikafika naye hana la kujibu. Tangu siku hiyo mwenye duka ndiye anayemwamuru: humwambia lini auze mbuzi wake, na kwa bei gani. Mdaiwa aweza kuwa anakaa katika nyumba yake mwenyewe, walakini neno la mwisho katika nyumba hiyo si lake tena.

Jambo hilo humpata mtu mmoja, na huyapata mataifa vilevile. Katika insha hii tutatazama habari za Korea, nchi ya Mashariki ya Mbali ambayo watu wake waliona deni linawakaba koo, wakaamua kujinyima ili walilipe. Tutaona walifanya nini, walifika wapi, na kwa sababu gani.

Kabla ya kwenda mbali, tuanze na mfano ulio katika bara letu. Ismail Pasha, aliyetawala Misri tangu 1863 hata 1879, alikopa fedha nyingi kwa matajiri wa Ulaya ili ajenge reli, mifereji na majumba ya fahari. Mwaka 1875 alibanwa hata akaiuzia serikali ya Uingereza hisa zake katika Mfereji wa Suez kwa karibu pauni 4,000,000. Mwaka uliofuata hazina yake ilishindwa kulipa madeni, na wageni wakawekwa kuyasimamia mapato ya nchi. Mwaka 1879 aliondolewa kitini. Na mwaka 1882 majeshi ya Uingereza yaliingia Misri, yakakaa miaka mingi. Hatuwezi kusema kwamba deni peke yake ndilo lililoyaleta majeshi hayo. Lakini hapana shaka deni ndilo lililofungua mlango.

Sasa twende Korea. Nchi hiyo ni rasi inayoshikana na bara la Asia upande wa kaskazini, na ng'ambo ya bahari jirani yake ni Japani. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Japani ilikuwa imepata nguvu kubwa ya vita, nayo iliitamani Korea. Mwaka 1904 Mjapani aliwekwa kuwa mshauri wa mambo ya fedha katika serikali ya Korea. Mwezi Novemba 1905 mawaziri wa Korea walitiwa nguvuni na hofu, wakatia sahihi mkataba ulioiweka nchi yao chini ya ulinzi wa Japani. Katika miaka hiyo serikali ilikopeshwa fedha za Japani, mkopo juu ya mkopo, hata mwanzoni mwa 1907 deni likafika won 13,000,000, kiasi kilichokaribia mapato ya serikali nzima kwa mwaka mmoja.

Fedha hizo zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilitumika kwa barabara, maji ya mabomba, ofisi na mipango mingine iliyowafaa zaidi watawala wapya na wageni waliohamia nchini. Basi fikiri, msomaji: Wakorea walidaiwa fedha ambazo hawakuziomba kwa hiari yao, wala hawakuzishika mikononi mwao.

Katika mji wa Daegu, upande wa kusini wa nchi, walikuwako watu wawili waliolitafakari jambo hilo. Mmoja aliitwa Seo Sang-don, mfanyabiashara. Wa pili ni Kim Gwang-je, mkuu wa kampuni ya kupiga chapa vitabu. Mwezi Februari 1907 walitoa mwito kwa watu wote wa Korea. Hawakusema, tuchukue silaha. Walisema, tuache tumbaku kwa muda wa miezi mitatu.

Hebu chukua kalamu uifuate hesabu yao. Won moja ilikuwa na jeon 100. Walikadiria kwamba mtu mmoja hutumia jeon 20 kwa mwezi kwa ajili ya tumbaku. Basi kwa miezi mitatu ataweka akiba ya jeon 60. Watu wa nchi walihesabiwa kuwa 20,000,000. Zidisha, nawe utapata won 12,000,000. Waliobarikiwa mali wangeombwa watoe zaidi, won moja, kumi, mia au elfu, mpaka upungufu utimie. Bila shaka mtoto mchanga havuti kiko, na kwa hiyo hesabu ile ilikuwa ya kutia moyo kuliko kuwa hesabu kamili ya mhasibu. Lakini angalia hekima yake. Hawakumwambia maskini auze shamba, wala mama awalaze watoto na njaa. Walichagua kitu ambacho wengi walikitumia kila siku, na ambacho mtu akikiacha hafi. Tena walichagua kitu ambacho fedha yake hugeuka kuwa moshi mbele ya macho ya mwenyewe.

Mwito ulienea upesi. Magazeti yaliuchapisha, hasa gazeti lililoitwa Daehan Maeil Sinbo, ambalo waliliongoza Mkorea Yang Gi-tak na Mwingereza Ernest Bethell. Mfalme Gojong mwenyewe aliacha kuvuta tumbaku. Wanafunzi wa Kikorea waliokuwa wakisoma Tokyo, katika nchi ya mdai mwenyewe, nao waliacha. Majina ya waliotoa yalichapwa magazetini pamoja na kiasi walichotoa, hata kama ni kidogo.

Wanawake nao hawakukubali kubaki nyuma. Mwito wa kwanza uliwahusu zaidi wanaume, kwa kuwa ulizungumza habari za tumbaku. Siku chache baadaye wanawake saba wa Daegu walitoa tangazo lao, wakiuliza kama mwanamke si mtu wa nchi hata asitajwe katika kazi hiyo. Kisha wakatoa pete zao na mapambo yao mengine. Mfano wao ulifuatwa mahali pengi. Wako waliopunguza vitoweo mezani, na bei ya vile walivyoacha kula wakaiweka katika mfuko wa deni.

Je, walifaulu? Yatupasa tuseme kweli: hawakufaulu. Watawala wa Kijapani waliona kwamba watu wanaojifunza kukusanya jeon zao pamoja watajifunza na mambo mengine. Mwezi Julai 1907 Mfalme Gojong alilazimishwa kukiacha kiti. Ernest Bethell alishtakiwa mara mbili katika mahakama ya Kiingereza iliyokuwa Seoul, na mwaka 1908 akafungwa majuma matatu. Mwaka huohuo Yang Gi-tak alikamatwa kwa shtaka la kula fedha za mchango. Mahakama ilimwona hana hatia. Lakini shaka ikisha pandwa haing'oki kwa siku moja, na michango ilififia. Fedha zote zilizokusanywa hazikufika hata sehemu ya kumi ya deni, na huku nyuma mikopo mipya iliendelea kuingizwa. Mwezi Agosti 1910 Japani iliitwaa Korea yote, ikaitawala hata Agosti 1945.

Hapa ndipo penye fundisho la habari hii, nami naomba usipapite haraka. Watu hawa hawakushindwa kwa uvivu, wala kwa ubadhirifu. Walishindwa kwa kuwa ufunguo wa hazina ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Wao walilipa kwa jeon, naye akakopesha kwa mamilioni. Twasema haba na haba hujaza kibaba. Lakini methali hiyo haikutuambia kibaba kimeshikwa na nani. Ukikijaza kibaba ambacho mwingine ametoboa kitako chake, utachoka bure.

Tuvuke sasa miaka tisini, tuwatazame watu walewale katika hali nyingine. Upande wa kusini wa rasi ile umekuwa dola yenye serikali yake tangu 1948. Katika miaka ya 1990 makampuni na mabenki ya Korea Kusini yalikopa mno fedha za kigeni. Mwishoni mwa 1997 akiba ya dola ilikaribia kwisha, na mwezi Desemba serikali ikaafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa ili ipewe mkopo. Makampuni yalifungwa, na watu wengi wakapoteza kazi zao.

Mwezi Januari 1998 watu walianza kupanga foleni mbele ya mabenki, wamechukua dhahabu. Walileta pete za arusi, na pete ndogo ambazo watoto wa Kikorea hutunukiwa wanapotimiza mwaka mmoja. Wengi hawakuitoa bure. Walilipwa kwa won, fedha ya nchi yao, nayo dhahabu ikayeyushwa na kuuzwa ng'ambo ili zipatikane dola. Watu kama 3,500,000 walishiriki, ikapatikana dhahabu yapata tani 227, yenye thamani ya zaidi ya dola 2,000,000,000. Mwezi Agosti 2001 Korea Kusini ilimaliza kulilipa shirika lile dola 19,500,000,000 ilizokopa, karibu miaka mitatu kabla ya wakati uliopangwa.

Tusidanganyike kwamba pete peke yake zililipa deni hilo. Linganisha tarakimu zenyewe nawe utaona. Bidhaa zilizouzwa ng'ambo, kazi ngumu ya viwandani na amri kali za kurekebisha mabenki zilifanya sehemu kubwa zaidi. Walakini safari hii kila kilichowekwa akiba kilibaki mahali kilipowekwa. Mdai aliweka masharti mazito, lakini serikali ilikuwa ya wananchi wenyewe, na ufunguo ulikuwa mkononi mwao. Kujinyima kwa 1998 hakukupita kule kwa 1907 kwa wingi wa moyo. Kulikupita kwa kuwa waliojinyima walikuwa na mamlaka juu ya matumizi.

Je, basi, wale wa 1907 walijisumbua bure? La. Mwanamke aliyetoa pete yake alijihesabu kuwa mwananchi kabla sheria yo yote haijamhesabu. Mtoto aliyeona kiko cha babaye kimewekwa kando alijua kwamba nchi ni jambo linaloingia hata nyumbani kwao. Mwaka 2017 UNESCO iliziandika hati za mchango ule katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia, zitunzwe kama urithi wa watu wote.

Wewe nawe, msomaji, utatoka shuleni, utapata mshahara au mazao ya shamba, na wakopeshaji watakujia na maneno matamu. Ikiwa umeingia katika deni, fanya kama wale wa Daegu: lijue deni lako kwa tarakimu, usiliogope gizani, kisha tafuta kitu kinachogeuka moshi katika matumizi yako, ukiache kwa muda uliouweka mwenyewe. Dawa ya deni ni kulipa, wala hakuna dawa nyingine. Lakini kabla hujaanza kuweka senti ya kwanza, tazama vizuri ni nani anayekopa kwa jina lako, na ni nani anayeushika ufunguo wa sanduku lako. Ukiona si wewe, basi kazi yako ya kwanza ni kuurudisha.