BABUNAJI: KIKOMBE CHA CHAI NA AMANA YA ELIMU



Ndugu yangu katika imani, kuna ua dogo, jeupe pembeni na njano katikati. Waarabu huliita babunaji; madukani utalikuta kwa jina la kamomili. Likikaushwa na kutiwa maji ya moto huwa chai nyepesi. Watu huinywa usiku kutuliza mwili na tumbo lililojaa gesi.

Huenda umetumiwa ujumbe kwenye simu kwamba chai hii ni dawa ya Mtume na inatibu kila kitu. Kabla hujausambaza, isikie historia yake.

Ua hili lilijulikana kabla ya Uislamu. Tabibu wa Kigiriki, Dioscorides, aliliandika katika karne ya 1. Karne ya 9, mjini Baghdad, Istafan bin Basil alikitafsiri kitabu chake kwa Kiarabu, na Hunayn bin Ishaq, Mkristo aliyefariki mwaka 873, akaisahihisha tafsiri hiyo. Waislamu waliipokea elimu ile bila kuona haya. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaliingiza ua hili katika Al-Qanun. Kisha akaja Ibn al-Baytar wa Malaga, Andalusia, aliyesafiri hadi Misri na Sham na kufia Damascus mwaka 1248. Alikusanya dawa zipatazo 1,400 katika kitabu kimoja. Akinukuu kwa Dioscorides, humtaja. Akinukuu kwa Galen, humtaja. La kwake husema ni lake.

Zingatia hapo! Wanazuoni wa hadithi walitaja isnadi, na matabibu nao wakataja walikoipata elimu. Hawakumbebesha Mtume (S.A.W.) maneno asiyoyasema ili dawa ipate wanunuzi. Kumzulia Mtume ni dhambi kubwa, hata kama chai yenyewe ni halali.

Basi ukitaka, inywe. Kijiko kimoja cha maua makavu, kikombe cha maji ya moto, funika dakika 5 hadi 10, chuja. Lakini mwenye kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au anayedhurika na maua ya aina hii, amuulize daktari kwanza. Wala usiache vidonge vyako vya presha au sukari kwa ajili ya kikombe cha chai.

Na ujumbe ule ukikufikia tena, muulize aliyekutumia: umeipokea kwa nani habari hii?

Wallahu a'lam.