Jina la Balozi

Historia ya Bugando tunaisimulia mara nyingi: Kanisa Katoliki liliijenga kilimani kwa msaada wa Misereor ya Ujerumani, ikafunguliwa mwaka 1971, serikali ikaichukua mwaka uliofuata, na mwaka 1985 ikarudishwa kwa maaskofu. Historia ya faili la mgonjwa hatuisimulii, nayo inatuhusu sisi waamini.

Huduma ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ilipoanza nchini mwishoni mwa mwaka 2004, kila mgonjwa alifunguliwa kadi ya kliniki, ile ya CTC. Kadi iliuliza uzito na dawa, lakini pia iliuliza mkuu wa kaya, balozi wa nyumba kumi, na mtu wa kumsaidia kumeza dawa. Ni maswali ya jirani kabisa. Ila mgonjwa asipomeza dawa, sababu yake iliandikwa kwa namba: kusahau ina yake, unyanyapaa una yake, safari nayo ina yake. Mvuvi aliyefuata dagaa visiwa vya Ukerewe na mama aliyekwenda Geita kuuguza mzazi wangeweza kuandikiwa namba ileile. Na kompyuta hupenda namba.

Kisesa, wilayani Magu, watafiti wamekuwa wakipita kaya kwa kaya tangu mwaka 1994. Mwaka 2015 wakaanza kuunganisha kumbukumbu hizo na za kituo cha afya. Kazi ilikuwa ngumu. Mtu yuleyule ana jina la ubatizo huku na la Kisukuma kule, na mwaka wa kuzaliwa ni wa kukisia. Namba moja ya kumtambulisha haikuwapo. Ikabidi mtumishi akae na mgonjwa palepale kliniki, kwa ridhaa yake, amwulize: umeishi kijiji gani, ulikaa na nani nyumba moja, balozi wenu nani? Programu ilileta majina yanayofanana, na maelezo ya mgonjwa mwenyewe ndiyo yaliyosaidia kulipata lililo lake.

Katika Marko sura ya 10, Yesu anamwuliza Bartimayo anataka nini. Upofu wake kila mtu aliuona, hata hivyo aliulizwa. Maswali ya Kisesa yalikuwa ya kumtambua mtu tu, si ya kujua anachotaka. Lakini yalionyesha kwamba hata mashine haimjui mtu mpaka mwenzake aketi naye.

Kuuliza nako kuna hatari. Balozi akijua, mara nyingi mtaa umejua. Mama ambaye hajamwambia mumewe huenda angependa mstari ule ubaki mtupu, na kuheshimu hilo nako ni kumjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ni haki.

Mvuvi mmoja wa jumuiya yetu aliniomba nimwandikie kikaratasi cha kumpa daktari. Alitaka asipangiwe tarehe za giza, maana ndizo siku za dagaa na ndizo ada za watoto. Mbalamwezi ikitoka atakuja bila kukosa. Daktari alikisoma mara mbili, akacheka kidogo, akakibana kwa pini kwenye faili la zamani. Kwenye kompyuta hapakuwa na mahali pa kukiweka.