Urithi wa Vigeu vya Mazingira: Kutoka Unix ya 1979 hadi Zana za Kuchapisha Modeli

Sehemu hii inachunguza asili ya vigeu vya mazingira, yaani jozi za jina na thamani ambazo programu hukabidhiwa inapoanza kufanya kazi. Hoja inayojengwa ni kwamba zana za kuchapisha modeli za ujifunzaji wa mashine zimerithi utaratibu uliobuniwa kwa mahitaji mengine, na kwamba urithi huo una manufaa na hatari zake.

Vigeu hivyo viliingia katika Toleo la Saba la Unix, lililotolewa na Bell Labs mwaka 1979 pamoja na sheli ya Stephen Bourne. Kwa utaratibu huo, programu mama iliweza kuirithisha programu mtoto taarifa kama vile PATH, yaani orodha ya saraka za kutafutia amri, na HOME, yaani saraka ya mtumiaji. Mfumo haukutofautisha siri na taarifa ya kawaida. Vyote vilirithiwa kwa namna moja.

Mwaka 2011, Adam Wiggins wa Heroku alichapisha kanuni kumi na mbili za kuunda programu za mtandaoni. Kanuni ya tatu ilitaka usanidi ukae katika mazingira, nje ya msimbo, ili msimbo uleule utumike katika majaribio na katika kazi halisi, na ili nywila zisivuje msimbo unapowekwa hadharani. Docker, iliyotokea mwaka 2013, iliieneza desturi hiyo kupitia kontena.

Hata hivyo, imani hiyo ilitikiswa Septemba 2014, ilipofichuliwa kuwa sheli ya Bash, tangu mwaka 1989, iliweza kutekeleza amri zilizopachikwa ndani ya thamani ya kigeu. Kasoro hiyo, iliyoitwa Shellshock, ilidumu takribani miaka 25.

TensorFlow Serving, iliyotolewa na Google mwaka 2016, ni kielelezo cha urithi huo. Katika kontena yake, MODEL_NAME hutaja jina la modeli, na MODEL_BASE_PATH hutaja saraka ya msingi, ambayo kwa kawaida ni /models. Seva huunganisha thamani hizo mbili ili kuipata modeli. Iwapo saraka ya msingi itabadilishwa, na huko kukawa na modeli nyingine yenye jina lilelile, seva itaipakia bila kulalamika. Anayeuliza swali atapata jibu la modeli nyingine, ilhali msimbo haukuguswa hata kwa herufi moja.

Kutokana na uchambuzi huu, inabainika kuwa kuutoa usanidi nje ya msimbo kulipunguza tatizo la siri, lakini kuliusogeza ushahidi mahali ambapo mara nyingi haupati hifadhi. Kontena ikifutwa, thamani zilizowekwa kwa mkono wakati wa kuiwasha hupotea nayo. Hivyo basi, mtafiti anayehifadhi modeli na msimbo pekee amehifadhi nusu ya kumbukumbu. Orodha ya vigeu, siri zikiwa zimeondolewa, haina budi kuhesabiwa miongoni mwa nyaraka za utafiti.