Banda la Njiwa wa Mbio: Historia ya Ujenzi Wake Ubelgiji na Uingereza

Njiwa wa mbio ni njiwa wa kufugwa ambaye vizazi vyake vimeteuliwa kwa muda mrefu ili awe hodari wa kurejea kwao anapoachiliwa mbali, na mashindano yake hutofautiana na mbio za farasi kwa jambo moja la msingi: washindani wote huanzia mahali pamoja, lakini kila mmoja humalizia katika banda la mfugaji wake. Kwa kuwa mabanda hayako sawa kwa umbali, masafa ya kila banda kutoka kituo cha kuachilia hupimwa, kisha hugawanywa kwa muda uliotumika, na njiwa mwenye mwendo mkubwa zaidi wa mita au yadi kwa dakika ndiye mshindi. Banda, kwa hiyo, ni makazi na wakati huohuo ni sehemu ya kipimo cha mashindano. Historia ya ujenzi wake nchini Ubelgiji, ambako mchezo huu ulipata umbo lake, na nchini Uingereza, ambako ulikita mizizi miongoni mwa wafanyakazi, inaonyesha kwamba karibu kila jambo ambalo mfugaji mpya hutakiwa kulizingatia anapopanga banda lilitokana na haja fulani ya wakati wake.

Ufugaji wa njiwa ni wa kale kuliko mbio zao. Asili ya njiwa wa kufugwa ni njiwa wa majabali, ajulikanaye kwa jina la kisayansi Columba livia, ambaye hutaga kwenye mianya ya magenge, na majengo ya mwanzo yaliiga mianya hiyo kwa kuweka vishimo vingi ukutani. Karibu na mji wa Isfahan, Uajemi, minara mikubwa ya enzi za Wasafawi ilikusanya samadi ya njiwa kwa ajili ya mashamba ya matikiti, na huko Ufaransa mnara wa njiwa ulikuwa haki ya mabwana wa ardhi hadi upendeleo huo ulipofutwa pamoja na haki nyingine za kimwinyi mnamo Agosti 1789. Majengo hayo yalikusudiwa kutoa nyama na mbolea, hivyo hayakumhitaji mwenye mali amtambue njiwa mmojammoja, amshike kwa urahisi, wala amfanye aingie ndani upesi.

Mahitaji hayo matatu yalijitokeza Ubelgiji katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati wafugaji wa miji kama Liège, Verviers na Antwerp walipochanganya aina mbalimbali za njiwa hadi wakapata ndege mwenye mbawa zenye nguvu na uwezo mkubwa wa kutambua njia ya kwao. Kwa muda mfupi ndege huyo alikuwa pia mjumbe wa biashara: mwaka 1850 Paul Julius Reuter alitumia njiwa kupeleka habari kati ya Brussels na Aachen, kwa sababu nyaya za simu ya maandishi zilikuwa bado hazijaunganisha miji hiyo miwili. Nyaya zilipokamilika kazi hiyo ilikwisha, lakini mchezo ulizidi kustawi, kwani reli iliwezesha vikapu vya njiwa kusafirishwa mbali, hadi ndani ya Ufaransa, kwa gharama ambayo hata mfanyakazi wa kiwandani aliimudu. Tayari mwaka 1865 daktari Félicien Chapuis wa Verviers alikuwa amechapisha kitabu kizima kuhusu njiwa huyo wa Kibelgiji.

Mfanyakazi wa mjini hakuwa na shamba la kujengea mnara, kwa hiyo aliwaweka njiwa wake darini, katika nafasi iliyo kati ya dari ya chumba cha juu na paa la vigae. Uchaguzi uliolazimishwa na uhaba wa ardhi ulikuja kuonekana kuwa wa busara, kwa sababu dari ilikuwa kavu, ilihifadhi joto, na hewa chafu iliyopanda juu ilitoka taratibu kupitia mianya ya vigae bila kuwapuliza ndege waliolala. Njiwa ni ndege wa vumbi jingi, na mapafu yake ndiyo injini ya mbio, hivyo chumba chenye unyevu au upepo wa moja kwa moja huleta maradhi ya njia ya hewa hata kama chakula ni bora. Ndugu Janssen wa Arendonk, ambao damu ya njiwa wao imeenea duniani kote, walijulikana kwa kufugia darini katika nyumba ya kawaida, na hata leo mafundi wanaojenga banda la mbao chini kwenye ua hupenda kuliezeka kwa vigae na kuacha matundu ya kuingizia hewa chini na ya kuitolea juu.

Upimaji wa muda ndio ulioligeuza banda zaidi. Kabla ya saa maalumu kuenea, njiwa aliyefika, au pete yake, ilibidi ipelekwe mbio hadi kwenye ofisi ya chama, mara nyingi katika mkahawa wa mtaa, na wafugaji waliajiri vijana wenye miguu myepesi kwa kazi hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 zilipatikana saa zilizofungwa kwa lakiri, ambamo mfugaji alitumbukiza pete ya mpira aliyoivua mguuni mwa njiwa, na tangu hapo kila sekunde ambayo ndege aliipoteza akitua juu ya paa ilikuwa hasara. Ndiyo maana mlango wa kuingilia ukawa kifaa cha kitaalamu. Aina moja ni ya nyaya nyembamba zilizoning'inizwa mlangoni, ambazo husukumika kuelekea ndani tu, na nyingine ni kizimba kinachochomoza mbele ya banda, ambacho wafugaji hukiita sputnik.

Mgawanyo wa ndani nao una historia yake. Katika mfumo wa asili, dume na jike waliishi pamoja na kushindana wakiwa na mayai au makinda. Baadaye Wabelgiji waliendeleza mfumo wa ujane, ambamo dume hutenganishwa na jike wake siku za juma, akaonyeshwa jike huyo kwa muda mfupi kabla ya safari, kisha akamkuta kwenye kiota anaporudi. Mfumo huo hauwezekani katika chumba kimoja, ndiyo maana banda la mbio hugawanywa angalau sehemu tatu, yaani ya madume, ya majike na ya makinda.

Vita viliongeza somo lingine. Baada ya njiwa kuingiza barua katika Paris iliyozingirwa mwaka 1870 na 1871, majeshi ya Ulaya yalianzisha mabanda yao, na katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waligeuza baadhi ya mabasi ya London kuwa mabanda ya kuhamahama. Ilidhihirika kwamba njiwa wachanga huweza kuzoeshwa makazi mapya, ilhali mkubwa aliyenunuliwa kwingine, akiachiliwa, aghalabu hurudi kwa mwenyewe wa zamani. Kwa hiyo mfugaji mpya huanza na makinda, na banda lake huhitaji kizimba cha wavu ambamo makinda hao hukaa wakitazama mandhari kabla ya kuruka.

Uingereza ilikopa njiwa na ujuzi wa Ubelgiji, lakini haikufuata desturi ya darini. Wachimba makaa ya mawe wa kaskazini mashariki walijenga mabanda ya mbao kwenye viwanja vidogo nyuma ya nyumba, wakitumia milango mikuukuu na mabaki ya mbao, na mara nyingi waliyapaka rangi za mistari. Moja ya mabanda hayo, lililojengwa Ryhope mwaka 1955, limewekwa katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria.

Siku hizi chipu iliyomo katika pete husomwa na chombo kilichowekwa kwenye ubao wa kutua, na chanjo dhidi ya ugonjwa wa paramiksovirusi, uliosambaa kwa njiwa wa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1980, imekuwa jambo la kawaida. Hata hivyo, teknolojia haijafuta kanuni za zamani: ukavu, hewa, mlango usiomchelewesha ndege, vyumba vinavyotenganika na idadi isiyozidi nafasi. Anayeanza anapaswa kuamua kwanza idadi ya njiwa atakaoweza kuwatunza, kisha mahali pa mlango, na mapambo yaje mwisho, kwa kuwa msongamano umewaangusha wafugaji wapya wengi kuliko ubovu wa mbegu.