Nani Alificha Ramani?

Laptopu ikigoma kuwaka watu husema "imekufa", na mazungumzo huishia hapo. Mimi nasema tusizike haraka. Kifo cha mashine hii kina historia yake, na historia hiyo, ndugu msomaji, inatuhusu sana sisi tunaojaribu kuandika, maana siku hizi miswada yetu imelala humo ndani na mara nyingi nakala nyingine haipo. Katika makala haya nataka kuonyesha jinsi ubao mama, ambao mafundi wetu huuita bodi tu, ulivyoacha kuwa kitu chenye ramani ya wazi ukawa siri, na jinsi mafundi wa vibandani walivyoichora ramani hiyo upya.

Tuanze na redio. Transista ilibuniwa Desemba 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani, kazi ya John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley. Kabla ya hapo redio zilitumia valvu za kioo, na nyingi zilikuwa na mchoro wa saketi uliobandikwa ndani ya kasha lenyewe. Fundi alifungua kifuniko, akafuata njia ya umeme kwa kidole, akafika penye kasoro. Naye Paul Eisler, Mwaustria aliyehamia London mwaka 1936, alikuja na wazo la kuchapa njia za shaba juu ya ubao badala ya kuunganisha nyaya moja moja. Bodi ya leo ni mjukuu wa wazo hilo.

Kwetu Tanzania kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Halafu mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Huku Bara tulianza kuwa na vituo vya televisheni mwaka 1994 tu. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, darasa kubwa la fundi wa mtaani lilikuwa redio. Kompyuta zilipokuja kumiminika, nyingi zikiwa mitumba, zilitua mezani kwa watu waliofundishwa na redio za watu.

Sasa tazama jinsi kompyuta yenyewe ilivyoanza. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilizindua PC yake. Ubavuni ilikuwa na swichi kubwa nyekundu: ukiipandisha umeme unaingia, ukiishusha unakatika, basi. Na aliyetaka aliweza kununua kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi zake, pamoja na programu ya msingi, yaani BIOS, imechapwa yote mstari kwa mstari. Hebu fikiria hilo, bwana!

Kilibadilika nini? Mambo mawili.

La kwanza ni kitufe. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa utaratibu wa kusimamia umeme ulioitwa APM. Mwaka 1995 ukaja muundo wa ATX, ambao hubakiza volti 5 za kusubiri hata mashine ikiwa imezimwa. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa ACPI. Tokea hapo kitufe hakiwashi kitu, kinapeleka ombi. Kwenye laptopu ombi hilo hupokelewa na chipu ndogo isiyolala, mafundi huiita EC. Volti 19 za chaja huwa zimekwisha kushushwa kuwa 5 na 3.3. EC ikiridhika, inafungua njia kwa zamu: sehemu nyingine za bodi, kisha kumbukumbu, na mwisho kabisa prosesa, ambayo hunywa volti 1 hivi. Kila hatua inasubiri ya nyuma yake iseme "tayari". Ni kama faili la ofisini: karani mmoja asipogonga muhuri, faili haliendi, na wewe uliye nje dirishani huambiwi limekwama meza gani. Unaona giza tu.

La pili ni ramani. Novemba 1982 Compaq ilitangaza mashine ya kubebeka iliyoendesha programu za IBM, ikiwa na BIOS iliyoandikwa upya bila kunakili ile ya IBM. Wengine wakafuata, ushindani ukapamba moto, na mchoro wa saketi ukahesabiwa kuwa siri ya biashara. Vitabu vya huduma vya laptopu vikawa vinaeleza jinsi ya kubadilisha bodi nzima, si jinsi ya kuitibu.

Hayo niliyaonja mwenyewe laptopu yangu ilipogoma. Duka moja, sitalitaja, liliniambia ninunue bodi mpya kwa bei iliyokaribia ya mashine nzima. Nikaenda Kariakoo kwa fundi wa makamo ambaye kibanda chake kinatosha watu wawili tu. Aliichomeka kwenye kifaa cha kutolea umeme, akaweka volti 19, akawa anaangalia ampea.

"Ikisoma sifuri, mdogo wangu, umeme hauingii," akasema. "Hapo natafuta fyuzi, tundu la chaja, au zile transista mbili za mlangoni. Ikiruka juu, kuna shoti."

Yangu iliruka. Akazima, akapima kati ya njia kuu ya umeme na ardhi: karibu sifuri. Kisha akaingiza volti 1 tu, kidogo kidogo, akapaka spiriti juu ya bodi, tukainama wote wawili kutazama. Mahali pamoja palikauka kabla ya pengine. Kumbe ni kapasita ya kauri, ndogo kuliko punje ya mchele! Akaing'oa kwa hewa ya moto, akaweka nyingine aliyoinyofoa kwenye bodi iliyokwisha kufa. Mashine ikawaka.

"Ramani umeipata wapi, kaka?" nikamuuliza.

Akanitolea daftari la shule. Ndani yake, kwa kalamu ya bluu, ameandika namba za bodi na vipimo vya kila koili, alivyovichukua kwenye mashine nzima zilizopita mikononi mwake. Mgonjwa akija, analinganishwa na mzima. Mengine yanatoka kwenye michoro iliyovuja viwandani, ambayo mafundi hupeana.

Usidhani kazi hiyo inabaki palepale. Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia madini ya risasi katika vifaa vya elektroniki. Lehemu ya zamani iliyeyuka kwenye nyuzi 183. Ile ya bati, fedha na shaba iliyochukua nafasi yake inataka kama 217. Mwaka 2008 Nvidia ikatangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za laptopu zilizokuwa na udhaifu. Mitaani ikazuka tiba ya kuchoma chipu kwa moto: mashine inafufuka wiki chache, kisha inakufa tena, na pesa ya mteja imekwishaliwa. Aliyejua chanzo alisema kweli mapema. Asiyejua aliendelea kuchoma.

Siku hizi sheria zimeanza kuamka. California ilitia saini yake Oktoba 2023, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2024: mtengenezaji sharti atoe vipuri, zana na maelezo ya ufundi kwa mwenye mali na kwa fundi wa kujitegemea. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria yake mwaka 2024. Ni hatua nzuri. Lakini mimi sioni kwa nini tusubiri California iturudishie maarifa ambayo mengine tunayo tayari Kariakoo.

Maana daftari lile ni moja tu. Mwenyewe akiondoka, kuna hatari lije kufungia karanga. Vijana tunaotafuta mambo ya kuandika tunahangaika na mapenzi ya kwenye filamu, na huku historia ya mikono ya watu wetu haijaandikwa hata robo. Basi tukienda kwa fundi, tukae kidogo. Tumuulize alijifunza kwa nani, tuandike, na kwa ruhusa yake tunakili daftari lake.