Treni za mizigo za TAZARA

TAZARA ni reli ya kilomita 1,860 inayotoka bandari ya Dar es Salaam hadi mji wa Kapiri Mposhi, katikati ya Zambia. Kilomita 975 ziko Tanzania na 885 ziko Zambia, na wamiliki wake ni serikali za nchi hizo mbili, nusu kwa nusu. Wasafiri wengi huijua kwa treni zake za abiria, Mukuba na Kilimanjaro, lakini reli hii ilijengwa kwa ajili ya mizigo, na juu ya yote kwa ajili ya mzigo mmoja: shaba.

Zambia haina bahari. Kabla ya reli hii, shaba yake ilisafirishwa kupitia Rhodesia ya Kusini hadi bandari za Msumbiji, au kupitia Katanga nchini Kongo na reli ya Benguela hadi Lobito, Angola. Utawala wa Ian Smith huko Rhodesia ulipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilijikuta ikitegemea njia iliyo mikononi mwa adui zake. Malori yalianza kuhangaika katika barabara ya vumbi na matope kati ya Kapiri Mposhi na Dar es Salaam, na mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kufanya kazi hadi Ndola, Zambia. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia ziliombwa kugharamia reli, zikajibu kwamba haitalipa. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970 kwa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, na Juni 1975 reli ikafika Kapiri Mposhi. Ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Makumi ya maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina waliijenga, na baadhi yao hawakurudi makwao. Nje kidogo ya Dar es Salaam kuna makaburi ya Wachina waliofia kazini.

Treni ya mizigo inayotoka Dar es Salaam huelekea kusini-magharibi, hupita Mzenga na Fuga, kisha hukata eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Stesheni ya Fuga, iliyokuwa ndogo na kimya, ilipata uhai mpya ilipotumika kupokea vifaa vya ujenzi wa bwawa la umeme la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji. Baada ya Kisaki njia huingia Bonde la Kilombero chini ya milima ya Udzungwa: Mang'ula, Ifakara, Mlimba. Hapo nchi ni tambarare na treni hukimbia bila taabu.

Taabu iko mbele. Kati ya Mlimba na Makambako reli hupanda zaidi ya mita 1,000 kwa mwendo wa kilomita zipatazo 158. Mahandaki yote ya TAZARA ni 22, na 18 kati ya hayo yako katika kipande hiki, pamoja na madaraja kwa makumi. Nguzo za daraja la Mto Mpanga zina kimo cha mita 50 hivi. Hiki ndicho kipande kinachoamua uzito wa treni nzima: kichwa kinachoburura mabehewa mengi bondeni hushindwa mlimani, na treni inayoteremka na shaba huhitaji breki zisizo na kasoro. Masika yakizidi, udongo hubomoka na kufunika njia, au maji huondoa tuta chini ya mataruma. Na kwa kuwa njia ni moja tu, treni zikipishana stesheni, kuziba kwa sehemu moja ni kusimama kwa mizigo ya nchi mbili.

Vichwa vya kwanza kutoka China viliteswa hasa na mlima huu. Injini zilichemka, nyingine zikakata nguvu katikati ya mwinuko, na kuanzia 1983 nafasi yake ikaanza kuchukuliwa na vichwa vilivyotengenezwa Ujerumani. Tangu wakati huo historia ya mizigo ya TAZARA ni historia ya vichwa vya treni: vingapi vipo, na vingapi kati yake vinatembea.

Kutoka Makambako reli hufuata nyanda za juu. Karibu na Mbeya, pale Uyole, hufikia kimo chake cha juu kabisa, mita 1,789, kisha huvuka mpaka Tunduma na kuingia Nakonde. Upande wa Zambia ardhi ni pole zaidi. Njia hupita Kasama, Mpika penye karakana kubwa, Serenje na Mkushi hadi Kapiri Mposhi.

Upana wa njia ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia, Zimbabwe, Kongo na Afrika Kusini. Kwa hiyo behewa lililopakiwa Dar es Salaam linaweza kufika Ndola, Lubumbashi au hata Durban bila kushusha mzigo. Lakini haliwezi kwenda Dodoma. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, na reli mpya ya kisasa ya Tanzania ina milimita 1,435. Mahali ambapo TAZARA inakutana na tawi la Reli ya Kati bara ni Kidatu, na hapo mizigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Ni bahati mbaya kwamba Tanzania ina reli za mapana matatu. Kila uhamishaji ni muda na fedha.

Mizigo huenda pande mbili, ila haifanani. Kuelekea baharini hushuka shaba ya Zambia na Kongo, na madini mengine kama manganizi. Kuelekea bara hupanda mbolea, salfa ya kusafishia madini, ngano, mashine na makontena ya bidhaa. Behewa linalofaa shaba si lazima lifae mbolea, na mahitaji ya mbolea hufuata misimu ya kilimo ilhali migodi hufanya kazi mwaka mzima. Mpangaji wa treni asipopata mzigo wa kurudia, behewa hurudi tupu au husubiri.

Kuna pia mizigo midogo isiyotajwa sana katika takwimu. Katika Bonde la Kilombero wakulima na wachuuzi wamekuwa wakipakia mpunga, ndizi na mbao katika treni za kawaida, na miji kama Mlimba na Makambako ilikua kwa sababu hiyo. Mwanahistoria Jamie Monson aliifuatilia biashara hii katika kitabu chake cha 2009 kuhusu TAZARA. Kwa maoni yangu, hapo ndipo lilipo jibu kwa wale waliosema reli haitalipa: walihesabu shaba, hawakumhesabu mkulima.

Reli iliundwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haijafikia kiwango hicho hata mara moja. Miaka yake bora, katika miaka ya 1970 na 1980, ilibeba tani milioni 1.2 hivi. Zambia ilifungua tena njia ya kusini kupitia Rhodesia mwaka 1978, na mwaka uliofuata majeshi ya Rhodesia yakalipua daraja la TAZARA la Chambeshi, upande wa Zambia. Ubaguzi wa rangi ulipokwisha Afrika Kusini, sababu ya kisiasa iliyoizaa reli ikaisha nayo, na malori yakachukua wateja. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba tani 88,000 tu.

Anguko hilo halikutokana na kukosa mzigo. Migodi ya Zambia na Kongo inazalisha, na foleni za malori Tunduma huonekana na kila apitaye. Mteja aliondoka kwa sababu hakujua shehena yake ingefika lini: vichwa vilikuwa vichache, vipuri havikununuliwa kwa wakati, na njia iliyochakaa ililazimisha treni kwenda polepole.

Septemba 2024 mjini Beijing, mbele ya marais Xi Jinping, Samia Suluhu Hassan na Hakainde Hichilema, yalisainiwa makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA. Mwaka 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China ya CCECC, wenye uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4 kwa ukarabati wa njia na ununuzi wa vichwa na mabehewa. Wakati huohuo reli ya Benguela hadi Lobito, yenye upana uleule wa njia, inafufuliwa upande wa Atlantiki na inaitafuta shaba ileile. Mwenye shaba atachagua kati ya bahari mbili, na atatazama siku ambazo behewa linatumia kutoka Kapiri Mposhi hadi gatini Dar es Salaam.