Kutu Iliyotumwa Kazi: Historia ya Kutoa Chuma Katika Mchanga wa Titaniamu

Ilmenaiti ni mchanga mweusi, wa aina ile iliyochimbwa Kwale tangu mwaka 2013 hadi 2024 na kupakiwa melini Likoni ikiwa bado na chuma chake, ambamo chuma na titaniamu vimefungamana na oksijeni. Ndiyo sababu kwa muda mrefu ilidharauliwa mbele ya rutaili, ambayo ni oksidi ya titaniamu iliyokaribia kuwa safi. Dharau hiyo ilizidi viwanda vya Marekani vilipoanza, katika miaka ya 1950, kutengeneza rangi nyeupe kwa gesi ya klorini, kwa kuwa chuma kilichobaki katika malighafi kiliimaliza gesi hiyo bure.

Australia Magharibi ilikuwa na ilmenaiti tele katika fukwe za kale za Capel, kusini mwa Perth. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Becher, mkemia wa maabara ya serikali ya jimbo hilo, alibuni njia inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Mchanga huchomwa pamoja na makaa ya mawe katika tanuri refu linalozunguka, kwenye joto linalozidi nyuzi 1,100 za Selsiasi, mpaka oksijeni iliyoshikana na chuma iondoke, nacho kibaki kikiwa metali iliyotawanyika ndani ya kila punje.

Ustadi wenyewe uko katika hatua inayofuata, kwani badala ya kukiyeyusha chuma chote kwa asidi kali, Becher alikiacha kishike kutu. Punje hutiwa katika matangi ya maji yanayopulizwa hewa, yenye takribani asilimia 1 ya kloridi ya amonia, chumvi ambayo hapa ni kichocheo, yaani kemikali inayoharakisha badiliko bila yenyewe kwisha. Pasipo chumvi hiyo, kutu ingeganda ndani ya vitundu vya punje na kuviziba. Ikiwepo, chuma hutoka kikiwa kimeyeyuka, na hugeuka kutu laini huko nje, ambako huoshwa kwa urahisi. Asidi ya salfuriki iliyozimuliwa huja baadaye, kuondoa mabaki tu.

Kinachopatikana huitwa rutaili ya kutengenezwa, yenye oksidi ya titaniamu inayopita asilimia 90, na punje zake hubaki na umbo la awali ijapokuwa zimejaa matundu. Kutu iliyooshwa, ambayo si haba, haikupata soko la maana, hivyo hurundikwa katika mabwawa ya taka.